Nitakungoja Mtini

Bi Tangazo alipostaafu, sauti yake ilibaki kazini. Si utani. Siku zake za mwisho stesheni walimfungia kwenye chumba kilichobandikwa sponji ukutani, wakamsomesha kila neno ambalo treni ingeweza kulihitaji: majina ya vituo, namba zote, "jukwaa la pili", "behewa la nyuma", "tunaomba radhi kwa kuchelewa". Hilo la kuomba radhi walimrudisha tena na tena. Fundi mitambo alisema halina majuto ndani yake. Akalisema mpaka likapata majuto. Baada ya hapo wakampa saa ya ukutani, keki na makofi, wakamfungulia mlango. Sauti ikaendelea kupokea treni, na mwenye sauti akaenda nyumbani kunyamaza.

Nyumbani kwenyewe palikuwa papya. Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ng'ambo, ndiye aliyemjengea. "Mama, umewatangazia watu safari maisha yako yote. Sasa tulia," alisema. Akatulia. Shida ya kutulia ni kwamba ukishatulia hakuna kinachofuata. Nyumba ilinuka rangi, milango ilifungika kwa shida, na kila alipokohoa sebuleni chumba cha wageni kiliitikia. Mtaa wenyewe ulikuwa bado unajengwa. Kulia kwake palikuwa na msingi uliootewa na nyasi, kushoto kuta zisizo na paa, mbele rundo la mchanga lenye mbwa wake. Kwa kifupi, majirani zake wengi walikuwa bado matofali.

Barabara iliishia kwenye mti mmoja mkubwa ambao greda liliuogopa. Magari ya abiria yaligeuzia hapo, fundi viatu akaweka kibanda chake hapo, na makondakta wakapabatiza bila kusumbua akili: "Mwisho! Mtini! Wote mtini, shukeni!" Bi Tangazo peke yake alipaita stendi. Alikuwa mtu wa reli, na kituo kuitwa mtini kwa sababu tu kuna mti aliona ni uvivu.

Siku ya keki ndiyo siku aliyopewa kijiti. Aliyempa ni Bendera, mshika bendera wa jukwaa la pili, mjane mrefu aliyenyooka kama mlingoti, mwenye mdomo mzito kuliko mlango wa behewa la mizigo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka na miaka bila kukaa pamoja hata kwenye benchi moja. Bi Tangazo alikuwa juu kwenye chumba cha kioo, Bendera chini jukwaani. Bi Tangazo akisema treni inaondoka, bendera ya kijani inapanda. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na kwa hakika kuna ndoa zenye maneno machache zaidi.

"Nini hiki?" Bi Tangazo aliuliza siku hiyo, ameshika kijiti kilichofungwa kwenye gazeti lililoloana.

"Mtini. Wa nyuma ya kibanda changu." Bendera akalikaza gazeti. "Kichomeke tu ardhini. Ukizaa, niite."

Chumba kizima kikalipuka. Muuza tiketi, mama mwenye kicheko cha kupasua vioo, alishika mbavu. "Bendera jamani! Umri huu azae nini? Mhurumie mwenzio!"

"Mti," Bendera akasema, masikio yamemwiva. "Nimesema mti. Mti ukizaa."

"Haya baba, sarufi imekuokoa leo."

Bi Tangazo alicheka na wenzake. Lakini kwenye gari, kijiti mapajani, alilirudia lile neno kimya kimya, akilijaribu kwa maana zote mbili.

Kijiti hakikumletea shida. Alikichomeka karibu na ukuta wa jikoni, mahali ambapo mafundi wa nyumba walikuwa wamemwaga kifusi: chokaa, kokoto, vipande vya tofali, msumari mmoja mmoja. Kikatoa majani mapana kama viganja vya mtu anayekataa kitu. Yakampa tamaa. Akaenda kwenye kitalu cha miche kutafutia mtini wenzake, akamkuta dada mmoja mwenye glavu na mdomo usio na breki.

"Mtini una asili ya Bahari ya Kati, mama. Ukitaka ndugu zake nina mkomamanga, nina mlimau, nina mzeituni. Huu mzeituni ni wa mwisho, lakini nakuambia ukweli ili usije kunitukana baadaye: ukiwa peke yake utakua, utapendeza, utapiga nao picha. Kuzaa, sahau. Unataka mwenzake karibu wa kupeana naye chavua."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Kanunuliwa wiki jana."

"Nipe huo huo," Bi Tangazo akasema. "Nyumba yenyewe ina mtu mmoja."

Dada wa kitalu alimtazama, akaufunga mche huo, pamoja na mkomamanga na mlimau, vizuri kuliko ilivyohitajika. "Na usiibembeleze. Miti hii kwao imezoea mawe na jua. Ikikauka udongo ndipo umwagilie."

Hapo ndipo alipokosea. Alisikia vizuri sana, masikio hayakuwa na tatizo. Ila asubuhi akiamka, ameshakunywa chai, ameshafagia pasipo na takataka, ameshaifungua redio na kuifunga, kilichobaki ni ndoo. Akamwagilia. Mchana akamwagilia. Jioni akapita kuangalia kama alimwagilia. Alikuwa anamwagilia kwa sababu ya upweke, na ukame haukuhusika kabisa. Mkomamanga ulikufa kwa kuzama. Mlimau ukageuka manjano. Mzeituni ulidondosha majani moja moja kama mtu anayehesabu makosa. Kazi ngumu kuliko zote katika bustani ile ilikuwa kuacha, na yeye alikuwa na uzoefu wa kuachwa tu.

Akaificha ndoo stoo. Badala ya maji akaanza kuipa miti maneno. Alisimama mlangoni pa jikoni, akaweka mkono kiunoni, akavuta pumzi kama enzi zile za kioo: "Tangazo. Mlimau uliopo jukwaa la kwanza unaombwa kuacha kununa. Mtini wa kuelekea ukutani unaendelea vizuri na safari. Mzeituni, tafadhali, usishuke kabla ya kufika." Mbwa wa rundo la mchanga aliinua sikio moja, akalilaza. Huyo ndiye alikuwa abiria.

Mwanawe alipiga simu Jumapili.

"Mama, hujambo? Bustani vipi?"

"Inaendelea."

"Na wewe?"

"Na mimi naendelea."

"Kwenda wapi tena?" mwanawe akatania, mtoto wa stesheni huyo. Wakacheka wote wawili. Simu ilipokatika, Bi Tangazo alibaki ameishika mkononi akilitafutia jibu swali lile.

Bendera naye alistaafu. Alihamia kwa mpwa wake, nyumba inayotazamana na stesheni, na kwa kuwa hakuwa na simu alitumia ya mpwa. Walizungumza pengine mara moja kwa msimu. Katika simu moja Bi Tangazo alimsimulia habari za mzeituni mkiwa. Katika nyingine Bendera alimpa habari kwamba mtini wa nyuma ya kibanda cha stesheni umekatwa ili kupanua maegesho ya magari. Alisema hivyo, halafu akaongeza: "Umebaki huo wako." Tangu simu ile Bi Tangazo alipita kwenye mtini kila asubuhi na kuugusa shina. Hakutaka mengi kwa Mungu wala kwa serikali. Alitaka mti ule uzae, apate sababu ya kumwita.

Msimu wa tatu ukazaa. Tini ndogo za kijani zilichomoza kwenye makwapa ya majani, ngumu kama gololi. Zilipoanza kunenepa, ndege wakapata habari. Waliziparua moja baada ya nyingine, na hawakumaliza hata moja, walionja tu na kuondoka kama wageni wa harusi. Ikabaki tini moja chini ya jani kubwa. Bi Tangazo akaivalisha soksi, akaifunga kwa uzi. Kila siku alifungua uzi, akachungulia, akafunga. Shingo ya tini ilipolegea na tunda likaanza kuinama kama mtu anayesinzia, alijua. Akachukua simu.

"Nani mwenzangu?" mpwa akaitikia.

"Mimi hapa. Wa stesheni."

"Aa! Shangazi wa spika! Subiri. Mjomba! Mjombaaa! Spika inakutaka!"

Viatu vikaburuzwa. "Haloo."

"Umezaa," Bi Tangazo akasema.

"Nani?"

"Mti, Bendera. Mtini wako umezaa."

"Ngapi?"

"Moja. Zingine ndege wamezifanyia sherehe."

"Moja inatosha," Bendera akasema. Halafu, kwa haraka ya mtu aliyeogopa kwamba ujasiri utamtoroka: "Nakusikia kila siku, unajua. Dirisha langu liko upande wa stesheni. Kule unasema sana. Kwenye simu ndiyo unakuwa bahili."

Mwanamke aliyepanga umati wa watu kwa sentensi moja alibaki anavuta uzi wa kitambaa cha meza. Mwishowe akajificha kwenye kazi anayoijua, ya kuelekeza watu. "Sikiliza basi. Jumamosi asubuhi. Panda gari linalokuja mpaka mwisho wa barabara, lile linalogeuzia kwenye mti mkubwa. Nyumba yangu ina geti la bluu. Usihangaike kupiga hodi, utanikuta nje. Nitakungoja mtini."

"Mtini?"

"Mtini."

"Nikifika tu, mtini."

"Hapo hapo."

"Nimesikia."

Ndivyo watu wa reli wanavyopokea agizo. Unalirudia neno kwa neno, aliyelitoa analithibitisha, basi, limekuwa sheria. Kwa njia hiyo hakuna treni iliyowahi kugongana mikononi mwao.

Jumamosi Bi Tangazo alivaa gauni la maua na viatu vyake vya kisigino, ambavyo kimoja kilikuwa kinalegea. Aliweka viti viwili kando ya mtini, katikati kigoda, juu ya kigoda sahani na kisu kidogo cha kuigawa tini ile nusu kwa nusu. Akakaa. Kutoka pale aliweza kusikia magari yakifika mwisho wa barabara, honi na kelele za makondakta, lakini barabara ina kona na kibanda cha saruji, hivyo hakuona kitu. Kila gari lilipofika alijinyoosha mgongo. Likigeuza na kuondoka, mgongo ukarudi.

Kivuli kilihama, akahamisha viti. Kikahama tena. Wakati mmoja alitoka mpaka getini, na kwa kuwa hakutaka kuonekana na matofali kwamba ana haraka, akajifanya anakagua bawaba. Barabara ilikuwa tupu. Alimpigia mpwa. Simu iliita, ikaita, ikachoka. Akarudi haraka kitini, asije mgeni akafika akakuta mtini hauna mtu.

Jua liliposhuka nyuma ya kuta zisizo na paa, akaingiza kiti kimoja ndani. Cha pili alikiacha. Hakuichuma tini. Kuila peke yake kungekuwa kama kukubali.

Asubuhi alikuta soksi imeloa. Tini ilikuwa imepasuka ikiwa mtini, na siafu wameunda foleni nzuri kuliko ya abiria wowote aliowahi kuwapanga. Aliitazama foleni hiyo kitambo. Akavua soksi, akaifua, akaianika. Kwa kuwa lazima mtu awe na pa kwenda, akavaa vile viatu vya kisigino akaenda kwa fundi viatu.

"Karibu, mama wa geti la bluu!" Hilo ndilo jina alilokuwa nalo mtaa ule. Fundi akageuza kiatu, akatikisa kisigino, akasikitika kitaalamu. "Hiki kimechoka kabla ya mwenyewe. Kaa hapo kwenye gogo. Ulikosa sinema jana!"

"Sinema gani?"

"Mzee mmoja. Kashuka asubuhi na gari la kwanza, kavaa koti na jua hili, kashika mche wa mti kwenye kopo. Kasimama hapo." Akaonyesha kwa sindano mahali penye vumbi, kando ya shina. "Wima kama nguzo ya umeme. Namwambia mzee karibu gogo, keti. Anasema hapana, nimeambiwa mtini, nangoja mtini. Haya. Gari linakuja, anakagua wanaoshuka. Linaondoka, mkono wake unapanda wenyewe, hivi, kama analiruhusu. Makondakta walicheka mpaka wakasahau chenji za watu!"

Bi Tangazo alikuwa amekaa kwenye gogo, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

"Hukumuuliza anamngoja nani?"

"Nilimuuliza! Anasema anamngoja mtangazaji. Nikasema makubwa, kumbe mtaa wetu unapitiwa na watu wa redio. Nikajifuta uso. Kasimama mpaka jioni. Gari la mwisho ndilo lililomchukua."

"Hakusema kitu?"

"Alisema nimpe mtangazaji huu mche akipita. Uko nyuma hapo. Sasa mimi mtangazaji nitamjulia wapi?"

Mche ulikuwa nyuma ya kibanda, kwenye kopo la rangi lililotobolewa vizuri chini. Majani membamba, ya kijani upande mmoja na ya fedha upande wa pili. Mzeituni. Mwenzake.

"Mtini," Bi Tangazo akasema polepole, kama mtu anayejaribu kipaza sauti. Akautazama mti mkubwa juu yake, ambao hakuna aliyejua hata ni mti gani. "Mtini."

"Ndiyo, mtini," fundi akasema. "Hapa si ndipo mtini?"

Miaka yote ile juu kwenye kioo hakumpoteza abiria hata mmoja. Mabibi harusi, vipofu, walevi, watoto waliopotea, wote aliwafikisha. Akaja kumpoteza yule mmoja aliyetaka kufika kwake. Tena hakumpoteza mbali. Kona moja na kibanda cha saruji ndivyo vilivyowatenga, kila mmoja mtini kwake, kila mmoja anatii agizo.

Aliondoka na mche kwapani, kiatu kimoja mkononi, huku fundi akimwita nyuma, "Mama, kisigino!" Alipofika tu akapiga simu. Mpwa akaipokea.

"Shangazi! Simu ya jana nimeiona leo, nilikuwa kazini. Mjomba? Yupo, kakaa mlangoni. Hawezi kunyanyuka, magoti yamevimba kwa kusimama. Nipe ujumbe nimpe."

"Mwambie nilikuwa mtini."

"Mjomba, anasema alikuwa mtini... Anasema hapana, yeye ndiye alikuwa mtini."

"Mtini wa tini!"

"Anasema wa tini... Anauliza wa nini?"

"Tini! Tini! Tunda!"

"Jamani ngojeni, mnanichanganya. Kwani iko miti mingapi?"

"Miwili," Bi Tangazo akasema, na sauti yake, ile maarufu, ikapasuka katikati. "Mmoja ni mti tu, uko stendi. Wa pili ni mtini, uko kwangu. Mwambie hivyo. Mwambie nilikaa siku nzima na kisu na sahani."

Mpwa akageuza mdomo. Maneno yakapelekwa. Ikaja sauti ambayo Bi Tangazo hakuitambua, kama injini ya zamani inayokataa kuwaka halafu inawaka.

"Shangazi, umemfanya nini mjomba? Anacheka. Kashika ukuta."

Bi Tangazo naye akacheka, machozi yakiteremka yenyewe. "Mwambie naomba radhi."

"Anasema umeshaomba. Treni ya asubuhi ilichelewa, akakusikia dirishani. Anasema amekubali."

"Basi aje tena. Kiatu kikipona, nitakuja kumpokea mwenyewe stendi."

Mpwa hakugeuza mdomo safari hii. Alishusha sauti. "Shangazi, hakukuambia? Jumanne anasafiri. Mwanawe anamchukua akaishi naye kule juu, mwisho wa reli, kwenye hospitali kubwa. Kifua. Jana alikuja kuaga, nilidhani mmeagana."

Kwenye kopo la rangi, mzeituni ulitingishika kwa upepo wa dirishani.

"Muulize kama nije jukwaani Jumanne."

Maneno yakaenda, yakakaa huko muda, yakarudi. "Anasema usije. Anasema akikuona hatapanda. Halafu anasema hata hivyo utakuwepo, kwani nani mwingine atatangaza treni yake?" Mpwa akavuta kamasi. "Anauliza mche umeupata."

"Nimeupata."

"Anasema sasa mizeituni yako ni miwili. Anasema ukizaa, umwite."

Dada wa kitalu alikuwa amemwambia mzeituni huzaa baada ya muda gani. Ni muda wa mtoto kuzaliwa, kujua kusoma, na kuanza kumkosoa mama yake. Bi Tangazo alilikumbuka hilo vizuri, akalimeza.

"Mwambie nitamwita," akasema. "Na mwambie safari ijayo nitataja kwanza jina la mti."

Jumanne aliuchimbia mzeituni shimo kwenye kifusi, mbali kidogo na mwenzake, umbali wa watu wawili wanaoanza kuzoeana. Alitoa tofali, akatoa msumari, akaupanda, akaukanyagia udongo. Ndoo ilikuwa stoo, akaiacha huko baada ya kopo moja tu la maji. Saa ile waliyompa na keki ilipokaribia wakati wa treni ya kwenda juu, alijifuta mikono kwenye gauni, akasimama katikati ya miti, akaweka mkono kiunoni.

"Tangazo," akasema. "Treni iliyopo jukwaa la pili inaondoka sasa. Abiria wenye magoti mabovu wasaidiwe kupanda." Akavuta pumzi. Karatasi ya kazini iliandikwa *tunaomba*, lakini alikuwa peke yake. "Naomba radhi kwa kuchelewa."

Hakuhitaji kurudia. Mkono wake ukapanda wenyewe, juu kabisa, ukakaa hewani mpaka behewa la nyuma lilipopaswa kuwa limepita.

Mbwa wa rundo la mchanga aliinua sikio moja. Majirani, ambao wengi walikuwa bado matofali, hawakusema kitu.